Samaki Tuliowalea kwa Zamu

Baba mkwe mpendwa,

Jina lako sitaliandika, hata hapa. Mwaka nilioolewa, mwanao alinifundisha kwamba kwenu Unyakyusa mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hatazamani naye, wala hapiti njia anayopita, na kwamba jambo hilo mnaliita ukutila, yaani kuogopa kwa heshima. Siku hiyo nilicheka. Mimi ni binti wa Kihehe. Kwetu Iringa mkwe hupigiwa magoti, huamkiwa kwa sauti na kupokewa mzigo. Nikamwambia Lwitiko kwamba baba yake akija nitampokea kuliko wanawake wote wa Rungwe. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Sasa nakuandikia. Nilijiuliza kama barua nayo ni kuvunja mwiko, nikaona hapana, karatasi haina macho, na huko uliko siwezi kukukuta hata nikikosea mlango. Masika mawili yamepita tangu uzikwe. Nina neno ambalo ningepaswa kulisema ukiwa hai, na sikulisema. Kabla ya kulifikia nataka nikukumbushe mambo yetu mawili matatu, kwa sababu ninaogopa, na mwoga huanza mbali.

Ulikuja Mbeya wakati wa kipupwe, umevaa koti la jeshi, na donda mguuni limekula karibu ugoko wote. Hospitali walisema ufungwe donda kila siku kwa miezi mitatu. Nyumba yetu ya mwalimu ilikuwa na vyumba viwili na sebule moja, jiko nje limeegemea ukuta wa sebule. Nyumba ya namna hiyo hakuijenga mtu anayejua ukutila. Tulipangiwa basi namna ya kuishi. Ukitaka kutoka chumbani unakohoa mara mbili na kugonga fimbo kwenye kizingiti. Mimi nikisikia nambeba mwanetu Tusa mgongoni natoka kwa mlango wa nyuma. Ukirudi kutoka hospitali unakohoa tangu kwenye michongoma. Asubuhi sebule ilikuwa yako, na kuanzia saa nne, ukishaondoka, ikawa yangu mpaka saa saba.

Kwa miezi miwili tuliishi chini ya bati moja nami nikakujua kwa kikohozi, kwa harufu ya dawa ya donda, na kwa ile sauti yako baada ya chakula. Mwanao alikuwa akikupelekea ndizi na maharage nilivyopika, ukila ukimaliza unaugeukia ukuta wa jikoni na kusema, "Ndaga fijo." Asante sana. Uliushukuru ukuta, na nyuma ya ukuta nilikuwepo mimi na masufuria yangu. Siku za kwanza nilikuwa nabetua midomo. Baadaye nikajikuta naingojea asante hiyo kabla ya kuosha vyombo.

Na kulikuwa na tangi. Mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa anarudi kwao alimwachia mwanao tangi la kioo lenye fremu ya chuma, refu kama mkono wa mtu mzima, ili awafundishie watoto wa shule ya kati habari za viumbe. Lwitiko aliliweka mezani kwenye dirisha la sebule, akaosha mchanga mara saba, akapanda majani aliyoyatoa mto Nzovwe, yale marefu kama utepe na yale madogo yanayotambaa. Kisha akatia perege wanne kwa sababu walikuwa wazuri. Kwa siku tatu perege wale walichimba mchanga wote, wakang'oa majani na kuyala mizizi. Maji yakawa kama ya mfereji.

Wewe ulikaa kwenye kiti chako, mguu juu ya kigoda, ukatazama. Ulikuwa umetega migono, ile mitego ya mianzi ya samaki, mto Mbaka tangu ujana wako, na ulijua samaki wanavyoishi, siyo tu wanavyoliwa. Mwanao aliniletea jikoni maneno yako yote, kwa sababu yalimfurahisha. Ulimwambia, perege ni mkulima, humweki mkulima kwenye bustani ya mtu mwingine. Tukawala wale perege na ugali, na majani yakapandwa upya.

Halafu ukamtuma alete wale wadogo wenye mstari mweusi ubavuni, wanaotembea kwa makundi kwenye maji ya taratibu. Akaleta watatu. Wakajibanza chini ya majani, rangi imewapotea, chakula kinapita mbele yao hawali. Lwitiko alidhani ni wagonjwa. Ukamwambia hawaumwi, ni wapweke. Kwenu vijana wa rika moja hujenga kijiji chao pamoja, hakuna anayejenga peke yake porini, na watatu si kijiji. Alipoleta wengine hata wakafika kumi, walitoka majanini siku ileile. Mimi niliingia saa nne nikawakuta wanakwenda wote upande mmoja, wanageuka wote kwa pamoja, ule mstari mweusi unang'aa. Nilisahau kufagia.

Ndipo nikaanza kupenda zamu yangu. Asubuhi ulikuwa unawapa viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la mvua, nami mchana nawapa pumba kidogo ya mahindi. Ukiegemeza jiwe, mimi nakuta limeegemezwa. Nikiondoa jani lililooza, wewe kesho unauliza kwa mwanao nani ameondoa, na ukijibiwa unarudi kutazama samaki. Mara moja nilichomeka mche mpya kwenye pembe tupu, na siku iliyofuata nikakuta umezungushiwa vijiwe ili usielee. Hatukuwahi kuzungumza, Baba, lakini yale yalikuwa mazungumzo. Nilikuwa najua hivyo hata wakati ule.

Uliongeza kundi la pili, wale sita wenye mdomo chini wanaookota mchangani, kwa sababu, ulisema, hawatagombana na wa katikati, kila mmoja ana meza yake. Ukakataa wale wekundu ambao Lwitiko aliwatamani, kwa kuwa wanang'ata mapezi ya wenzao. Alikuambia ndege wafananao huruka pamoja, ukamjibu kwamba kufanana si kitu, kuna ndugu wa tumbo moja wasioweza kukaa nyumba moja. Ukampa sheria tatu: tazama tabia kabla ya rangi, tazama kinywa kabla ya urefu, maana kinachoenea kinywani ni chakula, na usilete mmoja anayehitaji wenzake. Hatukuwa na mashine ya kupuliza hewa kama Wazungu. Ukasema majani mengi na samaki wachache watatosha, na kweli maji yalikuwa meupe mtu unaona mpaka mchanga.

Siku moja ulimwonyesha mwanao lile kundi la kumi, ukamwambia awatazame, wanakwenda pamoja siku nzima na hakuna anayemgusa mwenzake, na kwamba ukutila ni hivyohivyo. Alikuja kunieleza kwa uso wa furaha, akidhani sasa nitaelewa. Nikamjibu kwamba samaki hawalazimiki kukimbilia jikoni na mtoto mgongoni kwenye baridi. Heshima si utumwa, nikamwambia. Alirudi sebuleni, na mimi nikaona nimeshinda.

Ningejua kushindwa ningekuwa mtu bora. Mwezi wa pili nilikwenda Iringa kumtazama mama, na siku ya kurudi nilishuka mto Ruaha Mdogo na dada zangu tukavua visamaki kwa khanga. Nilitaka na kwetu kuwemo kwenye tangi lile. Nilichagua wanane waliolingana urefu kama vidole vya mkono, nikawatia kwenye debe, nikalipakata debe hilo ndani ya basi kutoka Iringa mpaka Mbeya, vumbi na matuta na watu wakiniuliza kama nauza. Njia nzima nilikuwa nawafunulia wapate hewa. Saba walikuwa wamekusanyana upande mmoja wa debe. Mmoja, mwenye madoa, alikaa peke yake upande wa pili, ametulia. Nilimwona. Nataka ujue kwamba nilimwona.

Uliwapokea vizuri. Ulisema wapewe siku moja ndani ya beseni kwanza, kisha wamiminwe taratibu. Siku mbili baadaye mwanao akaja jikoni na ujumbe wako: "Mmoja si wa kundi. Analala chini ya jiwe anangoja. Mtoeni taratibu."

Damu ilinipanda. Sikusikia habari ya samaki kabisa. Nilisikia kwamba katika nyumba ya Wanyakyusa kuna mmoja aliyetoka Iringa ambaye si wa kundi, na kwamba atolewe. Nikamwambia Lwitiko kwamba samaki wa kwetu wana haki kama wa kwenu, na kwamba yule hatoki. Mwanao hapendi ugomvi, unamjua. Akasema basi tungoje tuone.

Tukaona. Wale kumi wakawa tisa, kisha saba. Wa kwetu saba wakawa watano. Mwenye madoa alinenepa. Nilikuwa nawahesabu kila siku saa nne, na Lwitiko akiuliza namwambia wamejificha majanini, majani yamekuwa mengi. Aliniamini. Nilijua la kufanya, mkono mmoja tu ndani ya maji, lakini kumtoa kungekuwa kukiri kwamba mzee aliona sawa. Basi nikawaacha wanaliwa kwa ajili ya kiburi changu. Wewe hukusema neno la pili. Ulikaa kwenye kiti chako ukisuka kitu kwa vijiti vyembamba vya mianzi, na vipande vyake vilikuwa vinaanguka sakafuni, nami nikivifagia nanung'unika. Lwitiko alipokuuliza unasuka nini ulimwambia ni kitu cha mtoto.

Siku niliyokuwa naogopa kuifikia ndiyo hii. Nilihesabu nikakuta wenye mstari wanne tu, wamejibanza, rangi imewapotea tena kama wale watatu wa kwanza. Nikaona aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikaazimia kumtoa yule mwizi upesi, nimtupe kwenye migomba, na jioni niseme amekufa mwenyewe. Nikatia mikono yote miwili na kitambaa. Akateleza. Nikang'oa mche, mchanga ukatibuka, maji yakamwagika mezani, na ule mche uliokuwa umeuzungushia vijiwe ukaelea juu. Nilikuwa hivyo, mikono imelowa mpaka viwikoni, uliporudi mapema kutoka hospitali.

Nilikusikia kwenye michongoma. Nilikusikia tena mlangoni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, hatua nne kutoka nilipo. Sikwenda. Nilikuwa nimechoka kukimbia, nimechoka kukosea, na hasira ya kukosea ni mbaya kuliko ya kukosewa. Ulifungua mlango kwa kuamini kwamba sebule ni tupu. Nikageuka, nikakutazama machoni, nikasema, "Baba, nyumba hii ni ya nani?"

Nilisema kwa Kiswahili ili uelewe. Nilijua unacho Kiswahili chako ulichojifunza kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya.

Ulijifunika uso kwa mkono wa koti. Uligeuka kwa ule mguu mbaya, fimbo ikakwama kwenye kizingiti, nikakuona unayumba, na sikusogea. Ukatoka. Nilikuwa nimekuona uso kwa mara ya kwanza na ya mwisho, Baba, na nitakuambia nilichokiona. Mwanao ana macho yako. Nilimtukana mtu mwenye macho ya mume wangu.

Ulikwenda kwa mwenzako wa rika, yule aliyekuwa mlinzi wa hospitali. Lwitiko alipotoka shuleni alikuta chumba chako kitupu, akanikuta nimekaa jikoni, akaambiwa na jirani uliko, akakufuata huko. Aliporudi alikaa chini kwenye kinu, akanitazama kwa huruma. Kwa huruma, Baba. Akasema, "Mzee anasema kosa ni lake. Aliingia bila kukohoa. Anakuomba radhi."

Nami nikajibu, "Haya, yamepita."

Nilikutukana, ukaniomba radhi, nikaipokea radhi yako. Sijui kama kuna mwanamke mwingine katika Nyanda za Juu zote aliyewahi kufanya hivyo.

Hukurudi kulala kwetu, isingewezekana. Kesho yake ulipanda lori la kwenda Tukuyu. Dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, alisema donda lilihitaji wiki nne zaidi, na mwanao akakusihi ukae hata kwa mlinzi, ukasema utatumia dawa za majani nyumbani. Nilipofagia chumba chako, chini ya kitanda nilikuta ulichokuwa unakisuka. Kilikuwa mgono, mdogo kama gunzi la mahindi, kinywa chake kina miiba ya mianzi inayoelekea ndani kama migono ya mto Mbaka. Upande wa nyuma ulikuwa haujafungwa. Nikauinua nikaona jinsi ulivyoachia nafasi kati ya vijiti. Mdogo mwenye mstari akiingia angepita na kutoka. Mnene angebaki.

Nilikaa kitandani pako na mgono ule mkononi mpaka Tusa akaanza kulia kwa njaa. Ulikuwa unajua tangu mwanzo. Ulikuwa unahesabu asubuhi kama mimi nilivyokuwa nahesabu mchana. Ungetega siku moja kabla ya saa nne, ukamtoa yule, na mimi ningeingia nikakuta hayupo, na mwanao asingejua kamwe kwamba mkewe aliwalisha samaki wake kwa mwizi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya asubuhi moja. Nikaufunga kwa uzi wa kushonea, nikaweka mnyoo ndani, nikautega. Kabla ya saa saba alikuwa ndani.

Ulikufa mvua zilipoanza. Waliokuwepo wanasema ni homa. Mimi najua mguu ulikuwa bado wazi, na najua kwa nini ulikuwa wazi, na homa yoyote ilikuwa na mlango wa kupitia.

Kama mambo yangeishia hapo pengine ningenyamaza mpaka nami nife, maana mimi ni mtu wa kunyamaza pale panapotakiwa neno, na kusema pale panapotakiwa kimya. Lakini hayakuishia hapo. Matangani nilikaa kwenye migomba na wanawake, na niliwasikia wazee wa kwenu wakisema kwamba mzee yule aliingia kwa mkamwana wake bila kukohoa, akamwona, na maradhi yakamfuata. Wakasema kwa masikitiko, kwa sababu walikupenda. Na wiki hii wageni walipofika kutazama tangi, mwanao aliwaeleza sheria zako tatu zote kwa majivuno, halafu akasema, "Baba alikuwa mtu mwangalifu sana. Katika maisha yake yote alikosea mara moja tu." Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikaliweka mezani nikatoka nje.

Ulinifunika, Baba, na nguo uliyonifunika nayo ni jina lako. Mimi ninaheshimika Rungwe kama mke mwema aliyevumilia kosa la mkwe. Wanawake wa kwenu hunipa pole. Nimekuwa nazipokea pole hizo, kama nilivyoipokea radhi. Siwezi tena.

Tangi bado lipo dirishani. Wale wanne niliwaongezea wenzao kutoka mtoni mpaka wakafika kumi na mbili, na wa mchangani wamezaana, na ule mche wa pembeni nimeupanda tena na vijiwe vyako vilevile. Wanakwenda pamoja, wanageuka pamoja, hakuna anayemgusa mwenzake. Huwa nasimama mbali kidogo nikiwatazama. Nimejifunza, nimechelewa, na wa kumwambia hayupo. Kila nikitaka kuingia sebuleni nagonga kwanza kwenye mlango. Lwitiko hunicheka, ananiuliza nambishia hodi nani, nami namjibu kwamba ni mazoea.

Barua hii sitaifunga. Nitaiweka juu ya kifuniko cha tangi, pale anapoweka miwani yake akirudi kutoka shuleni, nami nitakuwa jikoni. Akiisoma anaweza kunirudisha Iringa, na ndugu zake watamwambia ana haki. Anaweza asinirudishe, lakini asinitazame tena kama alivyonitazama akiwa kwenye kinu, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Lolote atakaloamua, namwomba hapa jambo moja, aende Tukuyu akakae na wale wazee na awasomee hapa mwisho kwa sauti.

Kwa heri, Baba. Ndaga fijo kwa samaki, kwa mche, na kwa mgono. Radhi uliyoniomba nakurudishia, haikuwa yangu.

Ulikohoa. Mara mbili, na fimbo ukagonga. Nilikusikia.

Mkweo,
Mama Tusa